Andika Msimbo Ambao Mgeni Atausoma na Kuuelewa: Hatua kwa Hatua

Nafundisha Python kwa wanaoanza, na kila kundi jipya huniletea maswali yaleyale. "Programu yangu inafanya kazi, lakini niliyempa aiendeleze anasema haelewi kitu. Nimekosea wapi?" "Majina niyaandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?" "Je, niweke maelezo kwenye kila mstari?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mfano mmoja tutakaoutengeneza tangu mwanzo hadi mwisho.

Mfano ni wa kikoba. Kila Jumamosi wanachama wananunua hisa. Asiyelipa siku hiyo anapewa siku 3 za huruma. Zikipita, anatozwa faini ya Sh 500 kwa kila siku inayozidi, lakini faini yote haivuki Sh 10,000. Nimechagua jambo hili kwa makusudi, kwa sababu aliyewahi kukaa kwenye kikoba anaielewa kanuni hii bila kompyuta. Kwa hiyo akiusoma msimbo asiuelewe, tutajua kwamba kanuni haina shida. Shida itakuwa kwenye tulivyoandika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Python 3.7 au toleo jipya zaidi, na kihariri chochote cha msimbo unachokizoea.
- Programu yako mwenyewe, fupi, ya mistari 50 hadi 200, ambayo tayari inafanya kazi. Usianze na iliyoharibika. Kurekebisha na kusafisha ni kazi mbili, na ukizifanya pamoja hutajua ipi imeleta kosa.
- Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Kama bado hujaizoea, nakili folda nzima na uipe jina lenye tarehe.
- Mtu mmoja aliyejifunza Python kwa wiki chache tu. Mtafute mapema, maana bila yeye utabaki unakisia.

Msimbo wa kuanzia ni huu:

```
def kok(l, d):
    t = 0
    for x in l:
        if x[2] == 0:
            s = (d - x[1]).days
            if s > 3:
                f = (s - 3) * 500
                if f > 10000:
                    f = 10000
                t = t + f
    return t
```

Unatoa jibu sahihi kila mara. Aliyeuandika aliuelewa siku ile. Mwulize baada ya miezi mitatu `x[2]` ni nini, atalazimika kuutafuta kama wewe.

Hatua ya 1: Ieleze kazi kwa sentensi moja

Kabla ya kugusa chochote, andika kwenye karatasi programu inafanya nini, kwa maneno ambayo mweka hazina wa kikoba angeyatumia: "Jumlisha faini za wanachama wote ambao hawajalipa mpaka leo."

Piga mstari chini ya maneno yenye uzito: jumlisha, faini, wanachama, hawajalipa, leo. Majina ya kwenye msimbo wako yatatoka hapa. Sentensi ikikushinda, au ikiwa na "na pia... na pia... na pia", tayari umegundua kwamba fanksheni moja imebebeshwa kazi za fanksheni tatu.

Hatua ya 2: Weka majaribio ya ulinzi

Tunataka kubadilisha maandishi bila kubadilisha majibu. Basi yaandike majibu ya sasa kwanza:

```
from datetime import date

asha = [("Asha", date(2024, 6, 1), 0)]

assert kok(asha, date(2024, 6, 4)) == 0
assert kok(asha, date(2024, 6, 5)) == 500
assert kok(asha, date(2024, 6, 25)) == 10000
```

Angalia nilivyochagua tarehe. Ya kwanza ni siku ya mwisho ya huruma, ya pili ni siku ya kwanza ya faini, na ya tatu ni siku ambayo hesabu ya kawaida ingetoa 10,500 lakini kikomo kinaizuia. Makosa hupenda kukaa mipakani, kwa hiyo jaribu mipaka. Majaribio haya yana faida ya pili pia: mgeni akiyasoma anaijua kanuni ya kikoba kabla hajaifungua fanksheni yenyewe.

Endesha. `assert` husimamisha programu kwa kosa jibu lisipolingana. Kama hakuna kinachotokea kwenye skrini, yote yamepita.

Hatua ya 3: Chagua lugha moja ya majina

Maneno ya Python yenyewe, `for`, `if`, `return`, yatabaki yalivyo. Hapa tunazungumzia majina unayoyatunga wewe.

Msimamo wangu ni huu: kama watakaousoma msimbo wanazungumza Kiswahili na jambo lenyewe ni la hapa kwetu, tumia Kiswahili. Hisa, kikoba, marejesho na mweka hazina ni maneno yenye maana kamili kwa msomaji wako, na kuyageuza kwa Kiingereza kunamlazimisha ayarudishe kichwani mwake kila mstari. Kama mradi uko wazi kwa watu wa dunia nzima, tumia Kiingereza, bila kinyongo.

Onyo: usichanganye. `get_wanachama` kwenye faili moja, `pata_members` kwenye lingine, `calculateFaini` kwenye la tatu, na hapo hata wewe mwenyewe hutakumbuka ni lipi uliita vipi. Nimewaona wanafunzi wazuri wakimaliza jioni nzima wakitafuta fanksheni waliyoiandika wenyewe kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 4: Badilisha majina

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii. Na hapa Kiswahili kinakupa msaada mkubwa ambao wengi hawautumii.

*Fanksheni inafanya kazi, kwa hiyo ipe kitenzi cha kuamuru:* `tuma_ujumbe`, `soma_faili`, `jumlisha_faini`. Kuwa mwangalifu na maneno ambayo ni kitenzi na pia nomino. `hesabu` peke yake inaweza kuwa amri au kitu. Ukiandika `hesabu_faini`, msomaji anaona mara moja kwamba ni amri, maana kuna kinachohesabiwa.

*Kitu kinachohifadhiwa kipe nomino:* `jumla`, `mkopo`, `mwisho_wa_kulipa`.

*Jambo la ndiyo au hapana lipe kitenzi chenye kiima na wakati:* `amelipa`, `ana_deni`, `imefungwa`. Soma mstari huu kwa sauti:

```
if mwanachama.amelipa:
```

Neno moja, `amelipa`, limebeba mtendaji, wakati na tendo. Tumia utajiri huo. Lakini usitumie umbo la kukanusha kama jina. Ukiita kitu `hajalipa`, siku moja mtu ataandika `if not hajalipa`, na kila atakayesoma hapo atasimama kuhesabu kanusho mbili.

*Orodha ipe wingi, na kitu kimoja umoja:* `for mwanachama in wanachama`, `for mkopo in mikopo`, `for kikundi in vikundi`. Hakuna anayehitaji kuelezwa.

Sasa mtego, na ni mtego wetu sisi. Nomino nyingi za ngeli ya I-ZI hazibadiliki katika wingi: faini, bei, hisa, siku, namba. Anayeanza huandika hivi:

```
for faini in faini:
    print(faini)
```

Python haitalalamika. Itapita kwenye orodha yote vizuri, lakini mzunguko ukiisha, jina `faini` halishiki tena orodha. Linashika faini ya mwisho tu. Mistari kumi baadaye programu inaanguka, na unatafuta kosa mahali ambapo halipo. Dawa ni kuuonyesha wingi kwa neno linalofuata:

```
for faini in faini_zote:
```

Unaweza pia kuandika `orodha_ya_faini`. Mimi napenda `faini_zote`, kwa sababu ni fupi na upatanisho wake wa `zote` unatangaza wingi wenyewe.

Jambo jingine dogo linalowasumbua wanaoanza: alama ya ritifaa hairuhusiwi ndani ya jina. Ukiandika `ng'ombe`, Python itadhani umeanza kuandika maandishi na itakataa faili lote. Andika `ngombe`, inatosha.

Urefu wa jina je? Jina linaloishi kwenye mistari miwili linaweza kuwa fupi. Linaloonekana kwenye faili zima lijieleze lenyewe. `siku_alizochelewa` ni refu, na kila herufi yake ina kazi.

Hatua ya 5: Zipe jina namba zote zenye maana

Kwenye msimbo wetu kuna 3, 500 na 10000. Mgeni hawezi kujua kama 3 ni siku, ni watu, au ni nafasi ya kitu kwenye orodha. Zipandishe juu ya faili:

```
SIKU_ZA_HURUMA = 3
FAINI_KWA_SIKU_TSH = 500
KIKOMO_CHA_FAINI_TSH = 10_000
```

Mstari wa chini katikati ya namba unaruhusiwa tangu Python 3.6, na unasaidia jicho kuhesabu sifuri. Herufi kubwa ni desturi ya Python kwa thamani zisizobadilika programu inapoendelea.

Sasa wanachama wakikubaliana faini iwe Sh 700, unabadilisha sehemu moja. Ndivyo ilivyo pia kwa kodi. Anayeandika `bei * 1.18` anajua moyoni kwamba ni VAT ya asilimia 18 ya Tanzania Bara. Mwenzake wa Nairobi, anayetoza asilimia 16, anaona namba ya ajabu tu.

Weka kipimo ndani ya jina. `muda = 30` ni sekunde, dakika au siku? Andika `muda_wa_kusubiri_sekunde`. Hili si jambo dogo. Mwezi Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari hiyo, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha pauni na nyingine ikazipokea kama nyutoni. Namba zilikuwa namba tu, hazikusema ni za kipimo gani.

Kwetu kuna hatari ya saa. Ukiandika `saa_ya_kikao = 8`, msomaji mmoja ataelewa saa 8 mchana na mwingine atahesabu kama kompyuta, yaani saa 2 asubuhi. Iandike hivi ubishi uishe:

```
from datetime import time

MUDA_WA_KIKAO = time(14, 0)  # saa 8 mchana
```

Hatua ya 6: Gawanya kazi na punguza ngazi

Msimbo wa mwanzo una `if` ndani ya `if` ndani ya `if` ndani ya `for`. Kila ngazi ni jambo ambalo msomaji lazima alishike kichwani huku akisonga mbele. Mbinu inayosaidia haraka ni kuyamaliza mambo rahisi kwanza na kuondoka:

```
from dataclasses import dataclass
from datetime import date


@dataclass
class Mwanachama:
    jina: str
    mwisho_wa_kulipa: date
    amelipa: bool


def hesabu_faini(siku_alizochelewa):
    if siku_alizochelewa <= SIKU_ZA_HURUMA:
        return 0

    siku_za_faini = siku_alizochelewa - SIKU_ZA_HURUMA
    faini = siku_za_faini * FAINI_KWA_SIKU_TSH
    return min(faini, KIKOMO_CHA_FAINI_TSH)


def jumlisha_faini(wanachama, leo):
    jumla = 0
    for mwanachama in wanachama:
        if mwanachama.amelipa:
            continue
        siku_alizochelewa = (leo - mwanachama.mwisho_wa_kulipa).days
        jumla += hesabu_faini(siku_alizochelewa)
    return jumla
```

`x[2]` imekufa: `Mwanachama` imeipa kila sehemu jina lake, na iliyokuwa `x[2]` sasa ni `amelipa`. Kanuni ya faini sasa inakaa peke yake kwenye `hesabu_faini`, na unaweza kuijaribu bila kutengeneza mwanachama hata mmoja: `hesabu_faini(4)` itoe 500.

Rekebisha majaribio ya Hatua ya 2 yaite fanksheni mpya na kuipa orodha ya `Mwanachama`. Namna ya kuita inabadilika. Majibu hayabadiliki. Ukijikuta unabadilisha 500 iwe namba nyingine ili jaribio lipite, simama, umeharibu kitu.

Onyo: usikate mno. Fanksheni ya mstari mmoja inayoita fanksheni nyingine ya mstari mmoja inamfanya mgeni arukeruke kwenye faili kama anayetafuta nyumba isiyo na namba. Kata pale tu ambapo kipande kinaweza kupewa jina la maana.

Hatua ya 7: Maelezo yajibu "kwa nini"

Maelezo ya namna hii futa:

```
jumla += faini  # ongeza faini kwenye jumla
```

Msimbo umeshalisema hilo. Andika lile ambalo msimbo hauwezi kulisema, yaani sababu:

```
# Simu ni maandishi, si namba: int() ingefuta sifuri ya mwanzo.
simu: str

# Wanachama walikubaliana kikomo hiki ili aliyeugua asizame kwenye deni.
KIKOMO_CHA_FAINI_TSH = 10_000
```

Maelezo ya pili ndiyo nayathamini zaidi. Mgeni anayejua sababu hataondoa kikomo hicho akidhani kilisahauliwa pale.

Ukibadilisha msimbo, badilisha na maelezo yake saa hiyohiyo. Maelezo ya uongo yanadhuru kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu mgeni huyaamini kabla ya kuuamini msimbo.

Hatua ya 8: Mpangilio

Hapa usipoteze muda. Python ina mwongozo wake wa mtindo, PEP 8, ulioandikwa 2001: nafasi nne kwa kila ngazi, mistari isiyozidi herufi 79, majina ya fanksheni kwa herufi ndogo na mistari ya chini. Sakinisha Black (`pip install black`), kisha endesha `black faini.py`, itakupangia nafasi na mistari yenyewe. Black huruhusu herufi 88 kwa mstari. Kubali tu, uendelee na kazi.

Hatua ya 9: Faili la README

Liwe fupi. Programu inafanya nini (ile sentensi ya Hatua ya 1), inahitaji nini, inaendeshwa kwa amri gani, na mgeni aanze kusoma faili lipi. Hilo la mwisho husahauliwa karibu kila mara, na ndilo swali la kwanza la mgeni.

Hatua ya 10: Mpe mgeni, nawe unyamaze

Mwite yule mtu uliyemtafuta. Mpe kompyuta na kazi moja ndogo: "Wanachama wamekubaliana siku za huruma ziwe 5. Badilisha." Usimwelekeze. Kaa pembeni na daftari, uandike kila anaposimama, anaporudi juu, anapokunja uso, anapokuuliza neno fulani ni nini.

Kunyamaza ni kugumu. Utatamani kusema "ah, hapo inamaanisha..." na ukisema hivyo umejaza pengo kwa mdomo badala ya kulijaza kwenye msimbo. Mgeni wa kesho hatakuwa na wewe pembeni. Kila alipokwama, rudi ubadilishe jina au ugawanye fanksheni, kisha mpe mtu mwingine ambaye hajauona.

Ukikwama

*Baada ya kubadilisha majina, inatoka `NameError`.* Kuna mahali umeacha jina la zamani. Usibadilishe kwa mkono. Kwenye VS Code weka kishale kwenye jina, bonyeza F2, andika jipya, libadilike kote. Usitumie "tafuta na ubadilishe" ya kawaida kwa majina mafupi: ukigeuza `t` kuwa `jumla`, hata `return` itageuka.

*Inatoka `TabError` au `IndentationError`.* Umechanganya tabo na nafasi, mara nyingi kwa sababu ulinakili kipande kutoka mahali pengine. Weka kihariri kigeuze tabo kuwa nafasi nne.

*Jaribio limeanguka baada ya Hatua ya 6.* Angalia mipaka. Msimbo wa zamani ulisema `s > 3`. Tulipoigeuza ili kuondoka mapema imekuwa `<=`. Ukiandika `<` peke yake, siku ya tatu inaruka kikwazo. Kwenye kanuni yetu utaponea chupuchupu, kwa sababu 3 kutoa 3 ni 0 na faini inabaki 0. Kwenye kanuni nyingine hutapona.

*Mwenzangu analalamika kwamba msimbo umekuwa mrefu.* Ni kweli, umeongezeka zaidi ya mara mbili. Mpe matoleo yote mawili na umwombe abadilishe kikomo cha faini kiwe Sh 8,000. Kwenye toleo la zamani 10000 ipo mara mbili. Akibadilisha ya chini tu, mwenye faini ya Sh 9,000 atatozwa 9,000, na mwenye 11,000 atatozwa 8,000.

*Mgeni anasema "nimeelewa" lakini hawezi kubadilisha kitu.* Wengi wetu tumelelewa kutomwambia mkubwa au mwalimu kwamba hatujaelewa, kwa hiyo usimhukumu kwa jibu hilo, wala usilitegemee. Mrudishie kompyuta, mpe kazi ndogo zaidi, na uangalie mikono yake inaenda mstari upi kwanza.